Rangi ya Laki Sita: Umepata Nafuu au Umefunika Kutu?

Mwaka jana, baada ya kuuza vitunguu saumu, baba yangu mdogo wa Dongobesh alinipigia simu. Ana Noah nyeupe inayobeba abiria kati ya Mbulu mjini na Haydom, na rangi yake ilikuwa imekwisha kabisa. Paa limepauka kama limemwagiwa unga, milango imechubuka, na chini ya milango kutu imeshaanza kutoboa bati. Fundi wa jirani alimwambia atapuliza gari zima kwa laki sita, kazi ya siku mbili, na litatoka kama limeshuka melini leo. Fundi mwingine, wa Babati, alitaka milioni mbili na nusu, na gari likae gereji wiki mbili.

"Mwanangu, si wewe uliyesomea mambo ya kemikali?" akaniuliza. "Hebu niambie ukweli. Hii ya laki sita inafaa, au napigwa?"

Nilitaka kumjibu palepale, nikashindwa. Utafiti wangu unahusu polima, na rangi ya gari ni polima, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini kazi moja izidi nyingine bei mara nne wakati makopo dukani hayapishani kiasi hicho. Nikamwomba wiki moja, nikaingia kusoma. Nilichokikuta ni historia ya zaidi ya miaka mia, na ndani yake kuna jibu la swali lake. Kwa kifupi ni hivi: rangi ya bei nafuu mara nyingi si rangi mbaya, bali ni kazi ambayo hatua fulani imerukwa. Ukijua ni hatua gani, utajua kama hela yako inapotea.

Kwanza, rangi ni nini?

Rangi yoyote ina vitu vitatu. Kuna unga unaotoa rangi yenyewe, kuna gundi inayoshikilia unga huo, na kuna kimiminika kinacholainisha mchanganyiko ili upakike, kisha kinapotea hewani. Hicho cha tatu mafundi wanakijua kwa jina la thina.

Unga ndio unaodumu kuliko vyote. Nenda Kolo, Kondoa, jirani zetu kabisa, uone michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Ule wekundu ni oksaidi ya chuma, yaani ndugu wa damu wa kutu. Chuma kilichokwisha kuoksidika hakina cha kuogopa tena. Ndiyo maana hadi leo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kuna ile rangi ya kwanza nyekundu ya mageti, redi oksaidi. Lakini angalia jambo moja zaidi kule Kolo: michoro mingi iko chini ya miamba iliyoinama, mahali ambapo jua na mvua havifiki moja kwa moja. Gari la baba mdogo halina mwamba wa kulikinga. Linakaa juani kutwa nzima, na kinachokufa kwanza ni ile gundi.

Kwa hiyo historia ya rangi za magari, ukiitazama vizuri, ni historia ya kutafuta gundi bora.

Enzi ambayo rangi ilikula wiki nzima-nzima

Magari ya mwanzo kabisa yalipakwa rangi kama magari ya farasi, kwa brashi na vanishi ya mafuta. Tabaka moja likauke, lisuguliwe, lipakwe jingine. Gari zuri lilikaa wiki kadhaa kwenye karakana likisubiri rangi tu. Henry Ford alipoanza kuunda Model T kwa wingi, hilo likawa kero kubwa. Kiwanda chake kilifika mahali pa kuunganisha chasi kwa muda wa saa moja na nusu hivi, halafu gari likasubiri rangi? Haiwezekani. Kuanzia 1914 hadi 1925 Model T zilitoka nyeusi tu, na sehemu nyingi zilipakwa rangi nyeusi yenye lami ndani yake, iliyokaushwa haraka kwenye tanuri.

Suluhisho la rangi nyingine lilitoka mahali usipopategemea: kwenye baruti. Pamba ikitiwa asidi ya naitriki hugeuka nitroselulosi, kitu kilichotumika kwenye risasi na mizinga ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Vita ilipoisha mwaka 1918, viwanda vya baruti vilihitaji soko jipya. Kampuni ya DuPont, ikishirikiana na General Motors, ikatengeneza rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco. Gari la Oakland la modeli ya 1924 lilitoka nayo, la buluu. Kazi ya wiki kadhaa ikawa ya saa chache. Mpaka leo mafundi wetu wanayo ndugu yake, rangi ya NC, na herufi hizo ni nitroselulosi hiyohiyo.

Rangi ya NC inakauka thina inapopotea, basi. Hakuna kingine kinachotokea ndani yake. Hii ndiyo raha yake na ndiyo shida yake. Raha: hata chini ya mti, bila tanuri, inakauka mbele ya macho yako. Shida: kilichoyeyuka kwa thina kinaweza kuyeyuka tena kwa thina. Na jua kali linaichosha mapema, inapoteza mng'aro, inahitaji kupigwa polishi mara kwa mara.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuingia 1930 zikaja rangi za alkidi. Hizi zinatengenezwa kwa mafuta ya mimea yaliyounganishwa na alkoholi na asidi, na zinakauka kwa kuvuta oksijeni hewani. Wewe unaijua alkidi: ni ile "rangi ya mafuta" ya mlango na dirisha la nyumba yenu. Magari yalipakwa hiyo, na matrekta pia kwa miaka mingi. Ukifika Hanang, upande wa Basotu, kuna historia nzito ya matrekta. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada lilifungua mashamba makubwa ya ngano, saba kwa jumla, karibu ekari 100,000, juu ya ardhi ambayo Wabarbaig walilishia mifugo yao. Kesi ya ardhi hiyo ilifika mahakamani. Mradi ulipita, lakini utotoni nilikuwa naona huko mashine kuukuu zimeegeshwa, na ukizigusa mkono ulitoka na unga. Nilidhani ni vumbi. Kumbe ilikuwa rangi yenyewe.

Bwana wa dola 29.95

Sasa tuje kwenye mzizi wa swali letu. Mwaka 1937, huko Los Angeles, mtu anayeitwa Earl Scheib alifungua kazi ya kupaka magari. Alikuja kuwa maarufu Marekani nzima kwa matangazo ya televisheni ambayo alitokea mwenyewe, akiahidi gari lolote, rangi yoyote, kwa dola 29.95 bila nyongeza. Bei ilipanda baadaye, lakini mtindo haukubadilika, na matawi yake yakaenea miji mingi.

Aliwezaje? Hakuwa na uchawi. Rangi yenyewe kwenye kazi ya namna hii ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachokula hela ni masaa ya mtu: kufungua taa na mpira wa vioo, kukwangua kutu mpaka chuma king'ae, kuziba mashimo, kupaka praima, kusugua kwa msasa, kufuta vumbi, kurudia tena. Scheib alipunguza masaa hayo. Gari lilisuguliwa kidogo, likafunikwa haraka kwa karatasi na selotepu, likapulizwa, likaondoka. Kazi zake zilijulikana kwa kuacha alama za rangi mahali ambapo hazikutakiwa, kwenye vyuma vya kung'aa na kwenye mpira.

Je, alikuwa tapeli? Mimi nasema hapana. Aliuza kile ambacho bei ile inaweza kununua. Mwenye gari zima lililofifia alipata rangi mpya, akafurahi. Aliyekuwa anauza gari wiki ijayo alipata muonekano. Aliyeumia ni yule aliyedhani amenunua kinga dhidi ya kutu. Kampuni ilidumu zaidi ya miaka 70, hadi matawi yake mengi yalipofungwa mwaka 2010. Biashara haiishi miaka 70 kama haina mteja anayeridhika, ila pia haikupata sifa ya ubora, na vyote viwili ni kweli kwa pamoja.

Fundi wa laki sita wa Dongobesh ni Earl Scheib wetu.

Kiwanda kilifanya nini ambacho gereji haiwezi?

Wakati Scheib akipuliza, viwanda vilisonga mbele. Katika miaka ya 1960 Ford walianza kuzamisha bodi nzima ya gari kwenye bwawa la rangi na kupitisha umeme. Chaji ya umeme huivuta rangi ikaganda kwenye kila kona, hata ndani ya milango na vyumba ambavyo mkono wa mtu haufiki. Kisha bodi huingia kwenye tanuri la nyuzijoto kama 160 hadi 180 za Selsiasi. Juu yake huja praima, rangi, na kliya. Yote hayo kwa pamoja yana unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hiyo ndiyo Noah ilivyotoka Japani.

Gereji yoyote, ya bei ya juu au ya chini, haiwezi kurudia hilo. Huwezi kuliweka gari lenye nyaya, viti na matairi kwenye joto la nyuzi 170. Kinachoweza kufanyika ni rangi za 2K, ambazo fundi huchanganya na hadina muda mfupi kabla ya kupuliza. Nyingi kati ya hizo zinatokana na poliyurethani, kemia ambayo Otto Bayer na wenzake waliianzisha Ujerumani mwaka 1937. (Mwaka uleule wa Scheib! Bahati nasibu ya historia.) Hapa rangi haikauki tu, inafungamana: molekuli zinashikana kama wavu, na wavu huo hauyeyuki tena kwa thina.

Kwa hiyo unaweza kupima mwenyewe. Chukua kitambaa cheupe, tia thina kidogo, sugua taratibu mahali pa kujificha, kwa mfano ndani ya fremu ya mlango. Kitambaa kikitoka na rangi haraka, ulichonacho ni NC au rangi ambayo haijakomaa. Kisipotoka na kitu, ni rangi ya kiwandani au 2K iliyofungamana vizuri. Usisugue sana, utaharibu.

Kuna gari moja linalovunja kanuni zote hizi, nalo limezunguka sana njia za Mbulu na Hanang: Land Rover la zamani. Lilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Inaelezwa kwamba hata ile kijani yake ya mwanzo ilitokana na rangi iliyobaki jeshini. Alumini haipati kutu ile nyekundu. Ukipaka Land Rover la zamani kwa bei nafuu, hata kwa brashi, rangi ikitoka hupotezi bodi. Kinachotaka uangalizi ni chasi na sehemu nyingine za chuma, hasa pale chuma na alumini zinapogusana na maji. Lakini Noah si Land Rover. Noah ni bati la chuma.

Mambo ya kwetu: jua, chumvi na vumbi

Katesh na Mbulu ziko kwenye mwinuko, zaidi ya mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na ni nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Baridi ya Mbulu inakudanganya. Unavaa koti huku jua linavunja gundi ya rangi juu ya paa. Gundi ikivunjika, unga unabaki wazi. Ndio ule unga mweupe unaotoka kwenye kiganja ukipangusa gari kuukuu. Kwa rangi nyeupe mambo huharakishwa na titani dioksaidi iliyomo ndani yake, isipokuwa kiwanda kiwe kimeifunika vizuri, kwa sababu inapopigwa na mionzi hiyo inasaidia kuharibu gundi inayoizunguka.

Halafu kuna Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang. Wakati wa kiangazi maji yanarudi nyuma, chumvi na magadi vinabaki juu, upepo unafagia. Chumvi inafanya mambo mawili mabaya: inavuta unyevu, na inafanya maji hayo yapitishe umeme vizuri, na kutu ni shughuli ya umeme. Magadi nayo hayaelewani na rangi ya mafuta. Akina mama wanaotengeneza sabuni wanajua kwamba mafuta na kostiki soda huzaa sabuni. Alkidi ina mafuta ndani yake. Magadi ya ziwani si makali kama kostiki, lakini tope lake likikaa miezi chini ya mlango bila kuoshwa, kazi ni ileile, polepole.

Na kutu ikishaanza chini ya rangi, haisimami kwa sababu umeifunika. Hakuna rangi inayozuia unyevu wote. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo inavimba, inainua rangi, inafungua mlango kwa maji mengine. Msimu mmoja wa masika unatosha kuona vipele.

Pafu la fundi

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Mashine ya kupulizia rangi ina asili ya kushangaza: daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa mwishoni mwa karne ya 19, na mwanawe Thomas akakigeuza kuwa cha kupulizia rangi mwaka 1907. Kifaa kilichozaliwa kutibu koo leo kinaweza kuua pafu. Hadina za 2K zina isosianeti, na Uingereza isosianeti zinahesabiwa miongoni mwa sababu kuu za pumu inayotokana na kazi. Mtu akishapata mzio nazo, hata kiasi kidogo kinamfunga kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Kinachotakiwa ni kifaa cha kumletea fundi hewa safi kutoka nje. Kukwangua rangi kuukuu nako kuna hatari yake, maana baadhi ya rangi za zamani za njano na nyekundu zilikuwa na madini ya risasi.

Kwa hiyo ukipunguziwa bei, uliza pia kama iliyopunguzwa ni kinga ya kijana anayepuliza.

Nilimjibu nini?

Nilimwambia hivi, na wewe nakuambia vilevile. Kama bati ni zima, halina kutu, na unachotaka ni rangi tu, kazi ya bei nafuu inafaa, mradi usimamie kusugua na kuosha kabla ya kupuliza. Kama unabadilisha rangi, usisahau kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo TRA lazima wajue, usije ukasimamishwa njiani ukaanza kujieleza. Kama unanunua gari linalong'aa kupita umri wake, tembea na sumaku ndogo ndani ya kitambaa: kwenye bati inashika, kwenye puti nene inaanguka. (Kwenye Land Rover la alumini haishiki kabisa, usimgombeze mtu bure.)

Lakini kama kuna kutu, rangi ya laki sita juu ya gari zima ni hela ya kutupa.

Baba mdogo alinyamaza kidogo. "Sasa milioni mbili na nusu sina."

"Laki sita unayo," nikamwambia. "Mpe fundi yuleyule, hela ileile. Ila asipulize gari zima. Akate kutu ya chini ya milango, achomelee, apake praima, apulize hapo tu. Paa liache lipauke. Paa lililopauka halivuji."

Fundi alishangaa, akakubali. Kazi ilichukua siku nne badala ya mbili, na karibu yote ilikuwa kukwangua. Nilimnunulia barakoa yenye chujio la mvuke, si bora kama hewa ya kuletewa, lakini ndiyo niliyoimudu. Siku ya kwanza aliivaa, siku ya pili nikaikuta imetundikwa msumarini. Alisema inamletea joto. Tulibishana, akaivaa tena, na sijui anaivaa nikiwa sipo.

Noah sasa ina weupe wa aina mbili, wa chini mpya na wa juu uliofifia. Makondakta stendi ya Mbulu wameipachika jina, wanaiita Soksi. Masika yamepita. Juzi nilipokwenda nyumbani nilipiga magoti nikapitisha vidole chini ya milango yote, mlango mmoja baada ya mwingine, huku baba mdogo amesimama nyuma yangu anasubiri. Hakuna kipele hata kimoja. Juu ya paa nilitoka na kiganja cheupe, kama nilivyotarajia, na hilo tutaliangalia vitunguu vya mwaka huu vikiuzika.